Joto la Chumba cha Yeo-jin

Geum-ran aliingia dukani kwa Pyo akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ndani yake alikuwa ameichora nyumba yake kwa penseli: sebule katikati, jiko upande mmoja, chumba chake na mumewe, chumba cha mama mkwe, na kule mwisho, upande wa mlimani, chumba cha binti yake Yeo-jin. Hicho cha mwisho alikizungushia duara mara mbili, mpaka penseli ikakaribia kutoboa karatasi.

"Dada, hujambo? Boila imekufa tena?" Pyo aliuliza bila kuacha kukata bomba. Alikuwa mdogo wa mwanamke aliyekaa dawati moja na Geum-ran shule ya msingi, kwa hiyo hakuwahi kumwogopa.

"Boila ni nzima. Nataka vile vidude vya ukutani. Kila chumba na chake."

"Vidhibiti joto."

"Hivyo hivyo."

"Na kile kimoja mlicho nacho sebuleni kimekosa nini?"

"Kimenifukuzia mtoto."

Pyo alicheka. Kisha akamwangalia usoni, akaweka msumeno chini.

Ilikuwa kweli, ingawa kidude chenyewe hakikuwa na kosa. Miaka mitatu nyuma, mwezi wa pili, Yeo-jin alijifungua mtoto wa kwanza, akaja Taebaek kulelewa uzazi na mama yake kwa siku ishirini na moja. Geum-ran aliiwasha sakafu, ambayo chini yake hupita mabomba ya maji ya moto ya boila, kama inavyowashwa kwa mzazi. Mzazi halali kwenye uvuguvugu. Anavaa mikono mirefu na soksi, anakunywa supu ya mwani, anatoka jasho, hagusi maji baridi, la sivyo upepo unamwingia mifupani na akifika miaka hamsini hawezi kufungua hata kifuniko cha chupa. Geum-ran mwenyewe viganja vilimuuma kila mvua ikikaribia, naye alijua sababu: siku ya tano baada ya kumzaa Yeo-jin aliosha kabichi tatu. Kabichi tatu tu.

Nyumba ilikuwa na kidhibiti kimoja, sebuleni. Ukipandisha, unapandisha vyumba vyote, na ukishusha, umeshusha vyote. Yeo-jin alikuwa akishusha, na mama yake akipandisha. Siku ya tisa mtoto mchanga alijaa harara shingoni na mgongoni, nyekundu kama amemwagiwa unga wa pilipili. Yeo-jin akafunga begi.

"Mama, unanipika," alisema mlangoni. "Mimi na mwanangu, unatupika."

Tangu siku hiyo alikuja sikukuu, akalala usiku mmoja, akaondoka. Hakumnunia mama yake. Alikuwa akicheka na kuosha vyombo, kisha anatazama saa.

Sasa alikuwa na mimba ya pili, ya miezi minane. Mumewe alifanya kazi Geoje, kwenye karakana ya meli, zamu kwa zamu. Mtoto mkubwa, Si-hu, angebaki na mama wa mumewe. Na yeye mzazi alikuwa ameshajiandikisha kwenye kituo cha kulelea wazazi huko Wonju, mahali ambapo mtu asiyekujua anakuletea supu kwenye sinia la chuma. Geum-ran alipomsihi kwenye simu, Yeo-jin alikohoa kidogo, akasema, "Siku chumba changu kitakapokuwa na kidude chake, Mama, tutazungumza."

Pengine ilikuwa njia ya kusema hapana. Geum-ran aliichukua kama ahadi, na asubuhi yake akachora nyumba.

"Ziko aina tatu," Pyo alisema. Akapanga visanduku juu ya kaunta. "Hii ya kwanza, kila chumba kinajitegemea. Kidude kiko ukutani mwa chumba, mwenye chumba ndiye anayeamua. Hii ya tatu ni ya simu. Unaweza kuwa sokoni ukawasha sakafu nyumbani."

"Mkwe wangu ataipenda hiyo. Atakuwa Geoje anampangia binti yangu joto."

"Si mumewe?"

"Asijaribu. Na ya katikati?"

"Hii, dada, ndiyo ya wakubwa." Pyo alifungua sanduku akatoa kioo kipana kama sahani ya samaki. "Kinakaa sebuleni. Kila chumba tunaweka kijicho kidogo cha kupima hewa, na huku unaviona vyote vinne. Unabonyeza ukiwa hapo hapo."

"Kwa hiyo nikiwa jikoni naona chumba cha Yeo-jin kina joto kiasi gani?"

"Unaona."

"Hata mlango ukiwa umefungwa?"

"Hata ukifungwa kwa misumari."

Geum-ran akakishika kioo kile kwa mikono miwili. Lazima mtu amjue ili aelewe. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja, katika nyumba za safu za wachimba makaa, kazi yake ilikuwa kubadilisha tofali la makaa chini ya sakafu kila alfajiri kabla ya shule. Asubuhi moja gesi ya makaa ilipenya kwenye ufa wa sakafu, mwembamba kama uzi, ikamkuta mdogo wake amelala. Walimburuta uani juu ya theluji, mama yao akamtia mdomoni maji ya kimchi, figili zilizochachushwa, kijiko baada ya kijiko, mpaka akatapika na kulia. Mdogo wake yuko hai mpaka leo, ana duka la viatu. Lakini Geum-ran hakuwahi tena kupita karibu na mtu aliyelala bila kutazama kama kifua kinapanda. Alipopata mume alimtazama mumewe. Alipopata mtoto alimtazama mtoto. Kiganja chake kilizoea kuingia chini ya mifarishi ya watu kupima sakafu, na hakikuwahi kuomba ruhusa.

"Nachukua hiki," alisema.

Pyo alikuna kichwa kwa penseli. "Lakini dada, si ulisema mtoto anataka chake?"

"Si kitakuwa na namba yake? Chumba cha nne. Kijicho chake kipo."

"Kijicho kipo," Pyo alikubali, akaanza kuandika risiti.

Alikuja Alhamisi, akashinda nusu siku amelala chali chini ya sinki la jikoni, mahali yanapogawanyika mabomba ya maji ya moto ya kila chumba. Gwang-su, mume wa Geum-ran, alirudi kutoka kazini kwake getini mwa shule akakuta kioo kinang'aa ukutani.

"Loo! Sebule imekuwa chumba cha rubani. Tunaruka lini?"

"Usiguse."

"Sijagusa. Nimesalimia tu."

Mama yake Gwang-su, Bibi Chun-rye wa miaka themanini na minne, alisogea karibu, mgongo umepinda, pua ikakaribia kugusa kioo. "Mama Yeo-jin, changu kipi?"

"Cha tatu, Mama. Wewe usijisumbue, mimi nitakubonyezea."

"Na hiki cha nne?"

"Cha mzazi. Ukibonyeza hapa kinapanda, hapa kinashuka. Nakuonyesha ili usibonyeze."

Bibi aliitikia kwa kichwa kwa makini, kama mwanafunzi mzuri.

Geum-ran akampigia binti yake simu kabla hata Pyo hajamaliza kufunga vifaa vyake. "Tayari! Chumba chako kina namba yake!"

"Kweli?" Sauti ya Yeo-jin ilipanda, na moyo wa mama ukapanda nayo. "Kidude kiko wapi, karibu na mlango?"

"Kiko sebuleni. Kizuri, utakiona, kina..."

Geum-ran aliikandamiza simu sikioni.

"Yeo-jin?"

"Nimesikia, Mama. Wale wa kituo wanataka jibu Jumatatu. Nitawajibu."

Hakusema atawajibu nini, na Geum-ran hakuthubutu kuuliza. Ijumaa nzima alifuta kioo kile kwa kitambaa laini. Namba zilikuwa sawa. Kila kitu kilikuwa sawa. Kwa nini basi sauti ya mtoto ilishuka vile?

Jumamosi baada ya chakula cha mchana aliamua kukijaribu chumba mwenyewe. Alikuwa ametandika godoro jembamba na mfarishi mzito wa pamba tangu asubuhi, ili joto lisipotee, kama mama yake alivyokuwa akifanya, na mama wa mama yake. Kwenye kioo aliweka nyuzi ishirini na tano, kidogo kuliko alivyopenda, maana alitaka kuwa mwenye haki. Kisha akavaa mikono mirefu, soksi, akaingia chini ya mfarishi, akafunga macho kama mzazi.

Mwanzoni ilikuwa raha. Mgongo ukalegea, akasikia televisheni ya Bibi kwa mbali, akapitiwa na usingizi.

Aliamka ulimi umekauka. Nywele zilikuwa zimegandamana shingoni, na nyonga ya kushoto, alipoigusa, ilikuwa na doa jekundu kama jani. Akatia mkono chini ya godoro. Sakafu ilikuwa kama kikaango. Lakini hewa ya chumbani, alipotoa uso nje, ilikuwa ya kawaida tu. Alitaka kuinuka, mwili ukawa mzito, akasema apumzike kidogo kwanza. Ndipo alipoisikia, kutoka sebuleni, sauti ndogo safi.

Pi.

Halafu tena. Pi.

"Mama!" aliita. "Mama, unabonyeza?"

"Lala!" Bibi Chun-rye alijibu. "Mgonjwa hapigi kelele."

"Mimi si mgonjwa!"

"Basi kwa nini umelala mchana? Tangu uolewe sijakuona umelala mchana."

"Shusha, Mama, naungua!"

"Jasho ni dawa. Toka jasho."

Pi.

Geum-ran alijikokota hadi sebuleni akishika ukuta. Namba ya chumba cha nne ilisimama kwenye thelathini na moja. Alinyoosha kidole. Bibi akakidaka kile kidole, taratibu kabisa, kwa mkono wake mkavu wenye mishipa, akakishusha chini, akampapasa begani.

"Rudi ulale, mwanangu. Mimi niko macho."

Geum-ran alisimama pale hajui acheke au alie. Maneno yale alikuwa anayajua. Yalikuwa yake. Alikwenda jikoni, akanywa maji baridi ya bomba bilauri mbili, akakaa kwenye kigoda. Miaka mitatu nyuma Yeo-jin alikuwa amesimama sebuleni pale pale, siku ya nane, miguu imevimba, paji la uso linameremeta jasho, ameshika ukuta kwa mkono mmoja na mwingine ameunyoosha kwenye kidude. Na mama yake alikuja mbio kutoka jikoni, akauondoa ule mkono kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu. Rudi ulale, mimi niko macho. Alisema kwa upendo. Hata sasa, akikumbuka, aliusikia upendo wenyewe ndani ya sauti. Ndio uliomfanya Yeo-jin ashindwe kugombana, akafunga begi badala yake.

"Umepona?" Bibi aliuliza kutoka sebuleni.

"Nimepona, Mama."

"Unaona!"

Jumatatu alifika dukani Pyo hajafungua hata mlango wa bati.

"Nataka kile cha kwanza," alisema. "Cha mwenye chumba."

"Dada, nimeshatoboa ukuta."

"Toboa mwingine. Cha sebuleni kibaki kwa vyumba vitatu. Cha Yeo-jin kikae chumbani kwake, hapa." Akapima kwa mkono kutoka chini, kimo cha mtu aliyelala akinyoosha mkono. "Sitaki ainuke."

"Chini hivyo? Mafundi watanicheka."

"Mafundi wamezaa?"

Pyo akainua mikono juu. Geum-ran akamweleza kuhusu godoro, mfarishi na doa la nyongani, akitazama pembeni kwa aibu. Pyo hakucheka.

"Kile kijicho kinapima hewa, dada. Wewe umefunika sakafu tangu asubuhi, joto lote liko chini ya mfarishi, juu hapafiki kitu. Chenyewe kinaona chumba baridi, kinaiambia boila iendelee. Kila nyumba ya hapa wanafanya hivyo, kisha wananiambia kidude kibovu."

"Sasa? Nisitandike?"

"Utaweza kutotandika?"

"Siwezi."

"Basi chukua kinachopima sakafu yenyewe. Nitainua plastiki ya sakafuni pale linapokaa godoro, nilaze waya mwembamba chini yake. Ufunike usifunike, kitajua ukweli. Na kina kufuli. Mtu anaweka namba ya siri, hakuna mwingine anayebadilisha."

"Weka."

"Na kwenye kioo cha sebuleni, chumba cha nne nikiache kionyeshe namba tu? Usiweze kubonyeza, ila uone?"

Hapo Geum-ran akageukia mlango. Nje lori la chumvi ya kuyeyusha barafu lilipita likinyunyizia barabara. Kuona tu, alijiambia. Kuona hakumchomi mtu. Angekuwa anakoroga supu, anageuka, anaona ishirini na mbili, anajua mtoto yuko salama, anaendelea kukoroga. Lakini alijijua. Akiona ishirini na mbili asingeendelea kukoroga. Angekwenda mlangoni. Angebisha. Angesema, mwanangu, huoni baridi?

"Zima," alisema.

"Hata kuona?"

"Zima, Pyo, kabla sijabadilisha mawazo."

Saa nane mchana kazi ilikuwa imekwisha. Geum-ran aliingia chumbani peke yake na simu, akakaa sakafuni, kidude kikiwa usawa wa sikio lake.

"Yeo-jin, umeshawajibu wale wa kituo?"

"Nilikuwa nataka kuwapigia sasa hivi."

"Ngoja. Nisikilize, usinikatize. Kidude kiko chumbani kwako, juu ya kichwa chako. Ukinyoosha mkono umelala unakifikia. Kina kufuli. Namba ya siri sijaiweka, utaweka wewe, na usiniambie. Hata nikikuuliza."

"Na sebuleni unaona?"

"Hakuna kitu. Pyo amezima."

"Mama, umekubali?"

"Nimekubali. Sijapenda."

Yeo-jin akacheka, kicheko kifupi cha mtu mwenye tumbo kubwa. Halafu mama yake akasikia anavuta kamasi.

"Jumamosi nililala humo," Geum-ran alisema. "Bibi yako akanipandishia hadi thelathini na moja. Nilipotaka kushusha akanishika kidole. Sikujua ni vile."

"Bibi alikuambia yuko macho?"

"Aliniambia."

"Wiki moja," Yeo-jin alisema hatimaye. "Nitakuja wiki moja. Nikipikwa tena, naondoka na kijiko changu cha supu mdomoni."

"Wiki moja," Geum-ran alisema haraka, kabla haijapungua.

Mtoto alizaliwa katikati ya mwezi wa kumi na mbili, msichana, na siku ya nne waliletwa Taebaek theluji ikianguka. Yeo-jin aliingia chumbani, akakitazama kidude, akabonyeza, akaweka namba ya siri huku amekiziba kwa mwili wake. Ishirini na tatu? Ishirini na nne? Geum-ran hakujua. Kutojua kulimsumbua kama punje ya mchanga kwenye kiatu. Alipeleka supu ya mwani mara sita kwa siku. Alipeleka taulo zisizohitajika. Kila alipoingia alisimama kidogo zaidi ya lazima, ameinua sinia, unyayo umekaza sakafuni.

"Mama. Mguu."

"Mguu wangu umefanya nini?"

"Unapima."

"Umesimama tu! Nisimame juu ya nini, hewani?"

Sakafu ilikuwa vuguvugu. Wala si moto, wala si baridi. Kwa maoni yake ilikuwa joto la mtu asiyejali viganja vyake vya uzeeni. Lakini Yeo-jin alivaa soksi alizoambiwa, akanywa supu yote, na shingo ya mtoto ilikuwa nyeupe safi, haina hata kipele kimoja. Geum-ran aliikagua asubuhi, mchana na jioni, akijifanya anambusu.

Bibi Chun-rye alikwenda mara mbili kwenye kioo cha sebuleni kutafuta cha nne. "Kimekufa," alitangaza.

"Kimehama, Mama."

"Kimehamia wapi?"

"Kwa mwenyewe."

Siku ya saba tangu wafike Geum-ran aliamka alfajiri. Alikaanga samaki, akamenya mapeasi, akafua nguo za mtoto, masikio yake yakiwa chumbani kwa Yeo-jin yakingoja sauti ya zipu ya begi. Adhuhuri alipopita na kikapu cha nguo alimsikia Yeo-jin akiongea na mumewe kwenye simu, mlango ukiwa wazi nusu.

"Ukija Jumapili mlete na Si-hu amkumbatie mdogo wake. Niletee lile koti zito, na sidiria zangu za kunyonyeshea zilizobaki. Ndiyo, zote. Nakaa hapa mpaka siku ishirini na moja zitimie. Ee? Hapana, hanipiki. Hapa pako sawa."

Geum-ran alibaki kwenye ukumbi na kikapu chake, nguo za mtoto zikimlowesha kifua. Angeweza kuingia wakati ule na kusema neno zuri, na neno lilikuwepo mdomoni. Akasukuma mlango kwa kiwiko.

"Kwa kuwa unakaa," alisema, "usingeongeza nyuzi moja tu? Moja?"

"Mama."

"Nimeuliza tu," Geum-ran alisema, akaufunga mlango nyuma yake, akaenda kuloweka mwani mwingine, mwingi, wa siku kumi na nne.